Kufuma Kisulisuli: Mablanketi ya Wailokano wa Ufilipino

Najua ulikuwa njiani kuelekea kurasa za mashairi na vitendawili, lakini nakuomba unipe dakika chache nikueleze habari za blanketi. Tafadhali usicheke. Wengi wetu tukisikia neno blanketi tunafikiria kitu cha kujifunika tu, kile kizito cha kijivu chenye mstari mwisho, kinachomwasha mtu shingoni usiku kucha. Kumbe yako mablanketi duniani yaliyofumwa ili yafanye kazi nyingine kabisa. Yalifumwa yaupumbaze upepo.

Wenye mablanketi hayo wanaitwa Wailokano. Wanaishi Ufilipino, nchi ya visiwa vingi huko Asia, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa kikubwa cha Luzon. Ukiitazama ramani utauona ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa pande mbili: mashariki kuna milima ya Cordillera, magharibi kuna bahari. Mikoa yao mashuhuri ni Ilocos Norte, Ilocos Sur na La Union. Kiangazi huko ni kirefu, takriban Novemba hadi Aprili, kisha mvua hushuka pamoja na tufani kali zinazotoka baharini. Naomba uyaweke akilini mambo hayo mawili, kiangazi na upepo. Kiangazi kilifaa pamba, maana pamba hutaka jua wakati wa kupasuka. Upepo nao ulileta hofu, na hofu ikaleta nakshi.

Pengine unajiuliza mtoto wa shule ya kutwa humu nchini ameyajulia wapi hayo. Shangazi yangu, dadake baba, alifanya kazi miaka minne huko Doha, nchini Qatar. Alilala chumba kimoja na mama mmoja Mwilokano ambaye kwao ni karibu na Bangar, mji wa La Union unaojulikana sana kwa mablanketi. Walipokuwa wakiagana walipeana zawadi. Shangazi alimpa leso, yule mama akampa blanketi. Sasa kila mmoja ikambidi amweleze mwenzake kitambaa chake kinasema nini. Leso yetu ilikuwa rahisi, kwa kuwa jina limeandikwa pale chini, ni kulisoma na kulifasiri tu. La blanketi liliwachukua jioni nzima, kwa sababu halina neno hata moja. Shangazi aliporudi alinisimulia aliyoyakumbuka, nami nikaanza kudadisi mengine mwenyewe, vitabuni na kwa walimu, hadi nikajikuta nimezama.

Hebu tuanze na lugha, kwa kuwa hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili. Kwa Kiilokano neno la msingi ni abel, yaani kitambaa cha kufumwa au kazi yenyewe ya kufuma. Ukitaka kusema "kufuma" unaongeza kitu mbele: agabel. Ukitaka kusema "kilichofumwa" unatumia kiambishi kingine. Unaingiza -in- kabla ya irabu ya kwanza, unapata inabel. Ndiyo maana vitambaa vyao vinaitwa inabel, na wageni wanaviita pia abel Iloko. Blanketi lenyewe ni ules. Mwalimu wetu wa sarufi alipoyasikia hayo alifurahi kama amepewa mshahara mara mbili, kwa sababu sisi pia tunacheza na mzizi mmoja hivyo hivyo: fuma, fumwa, mfumaji, ufumaji. Na kuna neno moja ambalo tunalitaja kila siku bila kujua linatoka wapi. Mfumo! Tunasema mfumo wa elimu, mfumo wa serikali, mfumo wa damu mwilini, ilhali asili yake ni jinsi nyuzi zinavyoshikana katika kitambaa.

Sasa nyuzi zinashikanaje? Kitambaa chochote cha kufumwa kina nyuzi za aina mbili. Zipo zinazotandazwa kwanza kwa urefu, zikavutwa zikakaza kama nyuzi za gitaa. Hizo kwa Kiswahili ni mtande. Halafu upo uzi unaopita kukata hizo, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi. Huo ni mshindio. Maneno hayo niliyapata katika kamusi. Nilipowauliza wenzangu darasani mtande ni nini, mmoja akasema ni mtego wa samaki, mwingine akasema ni ugonjwa wa ng'ombe. Basi tumeyabakiza kamusini, hayana kazi. Kule Ilocos mtoto anayekulia nyumba ya mfumaji huyasikia maneno ya namna hiyo kila asubuhi, kwa kuwa bila hayo mama hawezi kumwambia amshikie nini.

Mashine ya kufumia sisi tuliiita kitanda cha mfumi. Jina zuri, maana hata kile cha Wailokano kwa mbali ungedhani ni kitanda cha kulalia kilichoezekwa juu: nguzo nne za mti mgumu, mihimili inayoziunganisha, benchi la kukalia, na chini kuna kanyagio za miguu. Kwa hili wanatofautiana na majirani zao wengi wa milimani, ambao hufuma kwa kujifunga mtande kiunoni na kuuvuta kwa mgongo. Mwilokano anakaa kama mtu anayepiga kinanda. Kila uzi wa mtande umepitishwa katika kitanzi chake, na vitanzi vimefungwa kwenye fremu. Akikanyaga kanyagio moja, fremu moja inanyanyuka na nyuzi zake, nyingine zinabaki chini, katikati unafunguka mlango. Hapo ndipo anapoutupa mshindio upite, ukiwa ndani ya kijumba cha mbao chenye umbo la mtumbwi mdogo. Kisha anaupigilia kwa kitana kikubwa, pa! Akanyage kanyagio nyingine, mlango mwingine, autupe tena.

Ukisikia hivyo unaweza kuona ni kazi nyepesi. Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kipande kina upana wa sentimita 75, na kila sentimita ina nyuzi 16. Hizo ni nyuzi 1,200 za mtande. Kabla mfumaji hajafuma hata upana wa kidole, amekwisha kuzipitisha nyuzi 1,200 katika vitanzi 1,200, moja baada ya nyingine, kwa mpango maalum. Akikosea moja, kosa hilo litateremka na kitambaa kizima kama mstari wa kalamu. Na kabla ya hapo pamba ilikuwa imekwisha kutolewa mbegu, ikapigwa, ikasokotwa, ikapakwa rangi. Buluu yao ya zamani ilitoka katika mmea wanaouita tayum, ambao kwetu ni mnili, mmea wa nili.

Sasa nifikie penyewe. Nakshi iliyonifanya nikeshe inaitwa binakol. Blanketi la shangazi ni la nakshi hiyo, rangi mbili tu, nyeupe na buluu iliyoiva karibu kuwa nyeusi. Ukilitandaza juu ya kitanda unaona kitu cha ajabu: katikati pamevimba kama mpira uliofichwa chini ya shuka. Ukipapasa, pako bapa kabisa. Ukisogea hatua mbili, uvimbe unageuka shimo. Nyanya alipoliona mara ya kwanza alisema, "Ondoeni hicho kitu, kinanitia kizunguzungu." Bila kujua, alikuwa ametaja kazi yake halisi.

Siri yake unaweza kuijaribu leo kwa daftari la hesabu lenye miraba. Chora mistari ya wima, lakini nafasi zake zisiwe sawa: anza na miraba sita, kisha mitano, minne, mitatu, miwili, mmoja, halafu urudi mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano, sita. Fanya hivyo hivyo kwa mistari ya kulala. Sasa paka wino kama ubao wa drafti, chumba kimoja cheusi, cha pili cheupe. Ukimaliza, liweke daftari mbali kidogo. Ukurasa utakuwa umebonyea katikati! Jicho letu limezoea kwamba vitu vikiwa mbali huonekana vidogo na kubanana, kwa hiyo likiona vyumba vinavyozidi kupungua linajiambia kwamba hapo uso unaenda mbali. Linadanganyika, na hata ukijua kwamba linadanganyika haliachi.

Mfumaji hana wino wala rula. Anachofanya ni kupanga mtande wa rangi mbili kwa makundi yanayopungua na kuongezeka, kisha kuukanyaga kwa makundi yanayopungua na kuongezeka vilevile. Kwa hili kanyagio mbili hazitoshi, lazima ziwe zaidi. Pale ambapo nyeupe zinapanda juu pia ndipo ambapo za buluu zinajificha nyuma, na chumba cha jirani ni kinyume. Ndiyo maana ukiligeuza blanketi unaiona nakshi ile ile, ila rangi zimebadilishana viti. Ukiuziwa kitu kinachoitwa binakol, fanya hivyo kwanza, kigeuze. Kikiwa kimepigwa chapa ya kiwandani, mgongo wake utakuwa umepauka na hauna habari.

Wachoraji wa Ulaya walikuja kuupenda sana mchezo huu wa macho katika miaka ya 1960. Mwingereza mmoja, Bridget Riley, alipata sifa kwa picha yake ya mwaka 1961 ya miraba myeusi na myeupe inayobanana hadi ukurasa ukaonekana kama unakunjika. Ni picha nzuri, nimeiona kitabuni. Lakini akina mama wa Ilocos walikuwa wamekwisha kulalia na kujifunika mchezo huo zamani, na hakuna aliyewaita wachoraji.

Kwa nini waliufuma? Hapa ndipo upepo wetu unaporudi. Mistari ya binakol inayopinda inasimamia mawimbi ya bahari. Kisha kuna aina moja ya binakol inayoitwa kusikos, ambayo miduara yake huzunguka kuelekea katikati. Hiyo ni upepo wa kisulisuli. Wazee wa huko waliamini kwamba kisulisuli si hewa tu, kina roho ndani yake, na roho mbaya hupita usiku zikitafuta watu waliolala. Dawa yake ilikuwa kuilaza roho hiyo macho: ikifika juu ya mtu aliyejifunika kusikos, inaanza kuifuata mistari, inazunguka, inazunguka, inapata kizunguzungu, inasahau ilichojia. Na upepo wenyewe, ukijiona umechorwa, hutulia. Kwa watu wanaovua samaki na kusafiri katika bahari yenye tufani, hilo halikuwa jambo la kuchekea. Unaweza usiamini habari za roho, mimi nakuachia. Lakini fikiria mama ambaye mwanawe yuko baharini na hewa imeanza kuchafuka. Hana uwezo wa kuishika bahari. Anachoweza ni kukaa kwenye kitanda chake cha kufumia na kuifunga bahari hiyo katika nyuzi, wimbi kwa wimbi, kwa hesabu asiyoikosea.

Watu wa Abra, jirani zao wa bara wanaoitwa Waitneg, nao wanaifuma nakshi hii, kwa hiyo usije ukabishana na mtu kwamba ni ya hawa au ya wale.

Nakshi ya pili ninayotaka kuieleza ni pinilian, na hii niliielewa kwa sababu ya mama yangu. Mama anafuma sweta za watoto kwa mashine ya mkono, ile ndefu ya sindano nyingi iliyokaa juu ya meza sebuleni mwetu. Akitaka kuweka ua kifuani mwa sweta, anazisukuma mbele sindano fulani kwa kidole, moja moja, akizichagua. Zilizochaguliwa zinapokea rangi ya pili, zisizochaguliwa zinabaki na ya kwanza. Mstari ukiisha anachagua upya. Basi nilipomsomea kwamba katika Kiilokano pili ni "chagua", pinili ni "kilichochaguliwa", na kwamba mfumaji wa pinilian huingiza vijiti vyembamba kati ya nyuzi za mtande ili kuzichagua zile zitakazonyanyuka mstari huo, mama aliacha kazi akasema, "Hao wanafanya kama mimi." (Dada yangu mdogo, ambaye jina lake ni Pili, alidai wamemwibia jina.)

Tofauti ni kwamba katika pinilian uzi wa nakshi si sehemu ya mfumo wa kitambaa. Ni mshindio wa ziada unaolala juu. Ukiung'oa wote kwa subira, chini utabaki na kitambaa kizima, cheupe na kitupu. Kwa hiyo kila mstari mfumaji anafanya kazi mara mbili: anapitisha mshindio wa kawaida ili kitambaa kiwepo, kisha anachagua nyuzi na kupitisha wa pili ili nakshi iwepo. Kwa njia hii huchorwa nyota, maua, farasi, hata watu. Kuna pia suksuk, ambako uzi wa rangi hausafiri upana wote bali unachomekwa kwa mkono pale pale panapotakiwa ua, ukaishia hapo. Ndiyo inayokula muda kuliko zote, na kwa hakika ndiyo inayolipiwa chini ya thamani yake kuliko zote, kwa sababu mnunuzi haoni saa, anaona ua.

Majina ya nakshi ndogondogo yalinifurahisha sana. Wailokano wana kiambishi sinan-, maana yake "mfano wa". Sinan-sabong ni mfano wa maua. Na iko moja inayoitwa sinan-paddak ti pusa, mfano wa nyayo za paka! Vidoa vinne vinne vimetawanyika juu ya kitambaa kana kwamba paka alitoka jikoni na miguu mibichi akakatiza juu ya blanketi la mtu. Mama wa zamani aliyeiona nyayo hiyo sakafuni, badala ya kumfukuza paka, akaenda kuihesabu. Napenda kufikiria ilikuwa hivyo.

Sikukuambia bado kuhusu mshono. Kitanda cha kufumia hakipiti upana wa mikono ya mfumaji, kwa sababu lazima atupe mshindio upande huu na kuudaka upande wa pili. Kwa hiyo blanketi la kienyeji la kutosha kitanda hufumwa vipande viwili au vitatu, kisha vikaunganishwa kwa sindano. Hapo ndipo ufundi unapopimwa. Miduara iliyokatika katika kipande cha kwanza lazima ikutane na nusu zake katika kipande cha pili, iliyofumwa siku nyingi baadaye. Mfumaji akipigilia kitana kwa nguvu zaidi siku moja, labda kwa sababu ana hasira na mtu, nusu ya pili itakuwa fupi na miduara haitakutana. Nimeukagua mshono wa blanketi letu kwa rula. Inakutana yote, isipokuwa mmoja karibu na pindo, ambao umepishana kwa kiasi cha nyuzi mbili. Huo ndio ninaoupenda zaidi.

Kati ya wafumaji wote, anayefahamika zaidi ni Magdalena Gamayo, aliyezaliwa mwaka 1924 katika mji wa Pinili, Ilocos Norte. Ndiyo, mji wake unaitwa Pinili, "uliochaguliwa". Alijifunza kwa shangazi yake akiwa na umri wa miaka 16. Msomaji, mimi nina miaka 16, na shangazi ninaye! Tena inaelezwa kwamba hakuwekewa ubao na chaki. Alitazama nakshi zilizokwisha kufumwa na kuzifuata mwenyewe, akazijua kusikos, sinan-sabong na nyinginezo. Baada ya muda si mrefu vita vikafika kwao: Desemba 1941 majeshi ya Japani yaliteremka Vigan, mji mkuu wa Ilocos Sur. Alipofikisha miaka 19, vita vikiwa havijaisha, baba yake alimpatia kitanda chake cha kwanza cha kufumia, kilichotengenezwa na fundi wa hapo hapo kwa mti mgumu uitwao sag'gat. Kikamtumikia miaka 30. Mwaka 1992 Ufilipino ilitunga sheria ya kuwaenzi mafundi wa jadi, tuzo ikaitwa Gawad sa Manlilikha ng Bayan, na mwaka 2012 Magdalena akatunukiwa, akiwa na miaka 88. Tuzo hiyo ina sharti ninaloliona la busara: anayeipokea anatakiwa kuwafundisha wengine. Yaani serikali hailipi sifa, inalipa mikono isije ikafa na siri.

Siri ilikuwa karibu kufa mara kadhaa. Zamani za Wahispania, waliotawala kuanzia 1565 hadi 1898, vitambaa vya Ilocos vilitozwa kama kodi, na nguo zao nzito zilitumiwa kushonea matanga ya merikebu kubwa zilizovuka bahari kutoka Manila hadi Acapulco, nchini Meksiko, safari zilizoendelea hadi 1815. (Ni matanga ya chombo, si matanga ya msiba.) Fikiria, watu wale wale waliofuma upepo kwa ajili ya kulalia, walifuma pia cha kuukamata. Katika karne ya 19 vitambaa vya viwanda vya Uingereza vikamwagika Ufilipino kwa bei ya chini. Halafu katika miaka ya 1950 serikali ikahimiza tumbaku ya Virginia katika mikoa ya Ilocos, wakulima wakaona tumbaku ina pesa ya haraka, pamba ikarudi nyuma. Magdalena alipokuwa kijana, pamba ilipandwa shambani mwa baba yake. Baadaye ikabidi uzi ununuliwe dukani, na uzi wa duka mara nyingi si pamba tupu.

Sehemu hiyo niliposoma nilisita, kwa sababu naijua. Mwaka juzi mama alikuwa na kazi ya uhakika ya sweta za shule moja ya msingi, siitaji jina. Kisha shule ikaamua kununua za kiwandani, kwa kuwa zinapungua bei kwa shilingi kadhaa. Uzi nao ulikuwa umepanda. Mama aliweka hesabu zake juu ya meza: uzi, mafuta ya mashine, nauli ya kwenda kuchukua uzi, na siku mbili za mgongo wake. Akapunguza nauli kwa kwenda kwa miguu. Akapunguza mafuta. Siku mbili za mgongo hazikupungua. Ndiyo maana watu wanaponiambia kwamba kazi ya mkono ni ghali, mimi huuliza ni ghali kulingana na nini. Na wanaponiambia, kama wanavyopenda kusema hapa shuleni, kwamba kufuma ni kazi ya aliyefeli, mimi humpa mtu daftari la miraba na kumwambia anipangie kusikos bila kufuta.

Wenzetu wa Ilocos wamepata njia ya kupumua. Vigan ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, watalii wakaongezeka, na katika vijiji vya karibu kama Camanggaan mgeni anaweza kusimama kando ya kitanda cha kufumia na kununua kitambaa mkononi mwa aliyekifuma. Paoay na Bangar nako wanafuma. Lakini mgeni hataki kubeba blanketi zito kwenye ndege, anataka kitambaa cha meza, pochi, skafu. Kwa hiyo nakshi ya kusikos inafumwa ndogo, ya kuwekea sahani. Sijui roho ya kisulisuli itafanya nini ikikuta sahani.

Kwetu nyumbani mama amekwisha kulikalia blanketi lile jioni tatu, na miwani yake na penseli, akihesabu. Binakol ameishindwa, anasema mashine yake haina mlango wa namna ile. Nyayo za paka, ambazo nilimchorea kutoka kitabuni, amezipata. Amezifuma kwenye sweta ya mtoto wa jirani, nyeupe juu ya buluu, nne nne, zikipanda kutoka pindoni hadi begani. Jirani alilipa bei iliyotajwa bila kuipunguza, halafu wiki iliyofuata akamleta dada yake.

Siku ya maonyesho ya Chama nitalileta blanketi lenyewe, kwa ruhusa ya shangazi. Litakuwa chumba cha Kidato cha Tatu, limetandazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Karibuni nyote, walimu na wanafunzi, mlipapase mjionee kama pamevimba. Ule mduara uliopishana uko upande wa kushoto, karibu na pindo. Ila jamani, naweni mikono kwanza, hasa nyinyi mtakaotoka moja kwa moja kwenye mandazi.